Mbona hasi mara hasi ikawa chanya? Hisabati inayojengwa kutoka kwenye msingi

HASI mara hasi ni chanya. Kila aliyepitia shule ya sekondari nchini aliikariri kauli hii, akaitumia kwenye mtihani na, aghalabu, akaachana nayo siku alipoweka kalamu chini. Ni wachache mno waliowahi kuelezwa sababu yake.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuuliza akiwa kidato cha kwanza. Mwalimu alimjibu kwamba adui wa adui yako ni rafiki yako. Darasa likacheka, kipindi kikaendelea, na swali likabaki pale pale. Ilichukua miaka mingi kutambua kwamba mfano ule, licha ya utamu wake, haukujibu lolote. Ukiutumia katika kujumlisha utakupotosha, kwa kuwa hasi ikijumlishwa na hasi haizai chanya kamwe. Wapo wanafunzi wanaopoteza alama papo hapo: wanaona hasi mbili, wanakumbuka adui na rafiki, wanaandika chanya.

Suala hili lina uzito zaidi wakati huu. Mnamo Aprili 2025, baada ya wadau kulalamika kwamba mtaala mpya ungewaruhusu wanafunzi wengi kuliacha somo hili, Wizara ya Elimu ilitangaza kuwa hisabati ingekuwa ya lazima katika shule za sekondari ya juu. Wanaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi wangesoma hisabati ya kina, nao wa mikondo mingine wangesoma ile nyepesi. Mjadala uliotangulia uamuzi huo ulikuwa mkali, ila ulihusu zaidi ni nani asome. Ni kwa namna gani asome, hilo halikuzungumziwa sana. Nasi tukimlazimisha mtoto kukubali jambo kwa miaka kumi na miwili, tunamwia deni la sababu.

Sababu ya hasi mara hasi ipo, na si ndefu. Tuanze na mambo matatu yasiyo na utata. La kwanza, nambari yoyote ikijumlishwa na sifuri haibadiliki. La pili, kila nambari ina mwenzake ambaye ukiwajumlisha pamoja unapata sifuri: 6 na −6, mithili ya deni la shilingi sita na shilingi sita za kulilipa. La tatu, kuzidisha jumla ni sawa na kuzidisha kila sehemu ya jumla hiyo kisha kujumlisha majibu. Mama muuza mboga anayetaka kujua bei ya vifungu 5 vya shilingi 12 huchukua 5 mara 10, akaongeza 5 mara 2, akapata 60. Hajawahi kuambiwa kuwa anatumia sheria ya hisabati, lakini anaitumia.

Kutokana na hayo matatu, pamoja na mazoea ya kawaida ya kujumlisha, tunaweza kwanza kuonyesha kwamba nambari yoyote ikizidishwa kwa sifuri huwa sifuri. Chukua 7 mara 0. Kwa kuwa 0 ni sawa na 0 + 0, basi 7 mara 0 ni sawa na 7 mara 0 ukiongeza 7 mara 0. Hapa tuna kiasi ambacho kikiongezwa juu ya chenyewe hakibadiliki. Kiondoe mara moja katika kila upande na utabaki na sifuri upande mmoja, 7 mara 0 upande wa pili. Nambari 7 haikuwa na upekee wowote. Hoja ni ile ile ukiweka −3.

Sasa tazama hesabu hii:

(−3) × (2 + (−2))

Kilicho ndani ya mabano ni sifuri, kwa hivyo jibu la yote ni sifuri. Lakini kwa sheria ya mama mboga, hesabu hiyo hiyo ni (−3) × 2 ukiongeza (−3) × (−2). Sehemu ya kwanza ni −3 mara mbili, yaani −6. Basi −6 ukiongeza (−3) × (−2) ni sifuri. Mwenzake −6 ambaye wakijumlishwa huwa sifuri ni 6. Hakuna mwingine. Kwa hiyo (−3) × (−2) ni 6.

Msomaji atambue kilichotokea hapo. Hakuna mtu aliyeamua kwamba jibu liwe chanya. Jibu lililazimishwa na mambo ambayo tayari tulikuwa tumeyakubali. Anayetaka jibu liwe −6 anaruhusiwa, ila itambidi aitupe ile sheria ya tatu, na akiitupa, hesabu ya vifungu vya mboga nayo itaporomoka. Huu ndio uthibitisho: hatua zinazofuatana kutoka kwa yale tuliyokubaliana hadi kwa lile tulilolitilia shaka, kila hatua ikiwa na kibali chake.

Aliyeonja nguvu hii ukubwani ni mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, aliyezaliwa mwaka wa 1588. Kwa mujibu wa John Aubrey, aliyemfahamu na kuandika habari za maisha yake, Hobbes alikuwa na umri wa miaka 40 alipokuta kitabu kimefunuliwa katika maktaba ya bwana mmoja. Kilikuwa kitabu cha Euclid, na ukurasa uliofunuliwa ulikuwa na kauli ya 47 ya sehemu ya kwanza, ile ambayo shuleni tunaiita kanuni ya Pythagoras. Hobbes aliisoma akaapa kwamba haiwezekani. Akasoma uthibitisho wake, ukamwelekeza kwenye kauli iliyotangulia. Akaisoma hiyo, nayo ikamrudisha nyuma kwenye nyingine. Aliendelea kurudi nyuma hivyo hivyo hadi mwishowe akasadiki. Tangu siku hiyo alipenda jiometria.

Ajabu ni kwamba mwanafunzi wetu akikutana na kanuni iyo hiyo haapi. Anapewa pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, anaambiwa kuwa 9 ukiongeza 16 ni 25, anatia nambari kwenye kikokotoo. Hobbes alishangaa kwa sababu alielewa kwamba kauli ile inazungumzia kila pembetatu yenye pembe ya digrii 90 duniani, zikiwemo zile ambazo hakuna atakayewahi kuzichora.

Kitabu chenyewe kiliandikwa Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, takriban mwaka wa 300 kabla ya Kristo. Kina sehemu 13. Euclid anaanza kwa kueleza maana ya maneno yake, kisha anaomba akubaliwe mambo matano tu kuhusu michoro: kwa mfano, kwamba mtu anaweza kuunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, na kwamba pembe zote za digrii 90 ni sawa. Anaongeza fikra chache za jumla, kama vile vitu viwili vinavyolingana na kitu kimoja navyo hulingana. Baada ya hapo haombi tena. Kauli ya 47 inasimama juu ya ya 4, ya 14, ya 31, ya 41 na ya 46, nazo zina zilizozibeba. Ya 5, inayosema kwamba pembetatu yenye pande mbili sawa ina pembe mbili sawa, ilipewa jina la daraja la punda katika Zama za Kati. Inasemekana wanafunzi dhaifu walikwama hapo. Kazi hii ilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad, na ni kupitia tafsiri za Kiarabu ndipo Ulaya ilipoipata upya katika karne ya 12. Sisi wenyewe tunalibeba jina la hisabati kutoka lugha hiyo, sawa na shufwa na witiri.

Huenda msomaji akauliza: kwani si inatosha kujaribu mifano mingi? Ikiwa kanuni imekubali mara arobaini, mbona tusumbuke na uthibitisho?

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi aliyeishi kati ya 1707 na 1783, ametuachia jibu zuri. Chukua nambari nzima yoyote, izidishe kwa yenyewe, ongeza nambari iyo hiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 unapata 41. Ukianza na 1 unapata 43. Ukianza na 2 ni 47, na 3 ni 53. Zote ni nambari tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea na 4, 5, 6. Jibu ni tasa. Endelea hadi 39. Bado ni tasa. Mara arobaini mfululizo bila kosa. Hakuna mwalimu ambaye angemlaumu mwanafunzi kwa kuamini kuwa amegundua kanuni. Sasa jaribu 40: 1600 ukiongeza 40 ukiongeza 41 ni 1681, na 1681 ni 41 mara 41. Si tasa.

Linganisha na Euclid alipotaka kuonyesha, katika sehemu ya tisa ya kitabu chake, kwamba nambari tasa hazina mwisho. Hakuanza kuzihesabu. Alisema, kwa maana yake: nipe orodha yoyote ya nambari tasa uliyo nayo. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Nambari mpya ukiigawa kwa yoyote iliyo katika orodha yako itabakisha 1. Basi tasa inayoigawa bila baki, nayo lazima iwepo, haimo katika orodha. Orodha yako, hata iwe na nambari milioni, imepungukiwa. (Kuna wanaodhani hoja hii inadai kuwa nambari mpya yenyewe ni tasa. La hasha. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 uongeze 1, utapata 30031, ambayo ni 59 mara 509. Hizo mbili ndizo mpya.)

Hata hivyo, Euclid naye aliteleza, tena katika kauli ya kwanza kabisa. Anachora duara mbili na kuitumia nukta zinapokatana. Ukiutazama mchoro unaona zinakatana. Lakini katika yale aliyoomba akubaliwe, hamna hata moja linalosema kuwa lazima zikatane. Jicho lilimsaidia pale hoja ilipomwacha. Pengo hilo na mengine yalizibwa ipasavyo mwaka wa 1899, Mjerumani David Hilbert alipoiandika misingi ya jiometria upya. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya uthibitisho wa kawaida na uthibitisho rasmi. Katika ule rasmi, mchoro hauna sauti. Kila hatua inataja kanuni iliyoiruhusu, na kisichotajwa hakipo.

Mtu akitaka kuujua ukali wa jambo hili, na athibitishe kwamba 2 + 2 ni 4. Giuseppe Peano wa Italia alichapisha mwaka wa 1889 kauli chache za msingi kuhusu nambari za kuhesabia. Kwa namna zinavyofundishwa leo, tunapewa nambari moja, 0, na tunaambiwa kwamba kila nambari ina nyingine inayoifuata. Majina 1, 2, 3 na 4 ni ufupisho tu: 1 ndiyo inayofuata 0, 2 inayofuata 1, na kadhalika. Kujumlisha kuna sheria mbili pekee. Nambari ukiiongeza 0 haibadiliki. Na nambari ukiiongeza ile inayofuata n, unapata inayofuata jumla ya nambari hiyo na n.

Twende. 2 ya pili ndiyo inayofuata 1, kwa hivyo 2 + 2 ni inayofuata 2 + 1. Nayo 1 ndiyo inayofuata 0, kwa hivyo 2 + 1 ni inayofuata 2 + 0. Lakini 2 + 0 ni 2. Basi 2 + 1 ni inayofuata 2, yaani 3. Na 2 + 2 ni inayofuata 3, yaani 4. Imekwisha.

Kuna atakayecheka. Waingereza Alfred North Whitehead na Bertrand Russell, waliotaka kuijenga hisabati yote juu ya mantiki tupu, walifika ukurasa wa 379 wa juzuu ya kwanza, iliyochapishwa mwaka wa 1910, ndipo wakasema sasa itawezekana kuonyesha kwamba 1 + 1 ni 2. Kicheko kina haki yake. Isitoshe, mwaka wa 1931 Kurt Gödel wa Austria alithibitisha kwamba msingi wowote wa aina hiyo unaotosha hesabu za kawaida, na usiojipinga wenyewe, utaacha nje kauli za kweli ambazo hauwezi kuzithibitisha. Nyumba haitakamilika. Hilo halimzuii mtu kuishi katika vyumba vilivyokwisha jengwa.

Afrika Mashariki tuliwahi kujaribu kitu cha namna hii, na tuliungua. Mwaka wa 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walianza kukutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya kile kilichoitwa hisabati mpya. Watoto walianza kwa seti na istilahi za seti kabla ya hesabu za dukani. Wazazi hawakuweza kuwasaidia, na walimu wengi walikabidhiwa vitabu ambavyo wao wenyewe hawakuwa wamevielewa. Nchini Kenya mradi huo ulifutwa kwa agizo la serikali mwaka wa 1981. Wengine hadi leo hutumia kisa hiki kusema kwamba misingi na thibitisho si za watoto. Kwa maoni yangu, walisoma funzo vibaya. Mtoto aliyekariri maana ya seti pasipo kujua inamsaidia kujibu swali gani hana tofauti na aliyekariri hasi mara hasi. Kilichobadilishwa kilikuwa msamiati. Zile sababu zilibaki kwa waandishi wa vitabu. Anayetaka kuanza na msingi na aanze na kauli ambayo mwanafunzi tayari anaitumia na kuishangaa, kisha arudi naye nyuma kama Hobbes, hatua moja baada ya nyingine, mpaka watue penye jambo ambalo wote wawili wanalikubali.

Wala tusidhani kwamba ukali huu ni mchezo wa darasani. Katika soko lolote nchini utaona machungwa yamepangwa kwa namna moja: safu chini, na kila chungwa la juu likiketi katika pengo la yale ya chini. Mwaka wa 1611 Johannes Kepler alidai kwamba hakuna namna ya kupanga mipira iliyo sawa itakayobana nafasi kuliko hiyo. Wauza machungwa hawakuhitaji kuambiwa. Wanahisabati hawakuweza kulithibitisha. Ni mwaka wa 1998 ambapo Mmarekani Thomas Hales alitangaza uthibitisho, ukitegemea hesabu nyingi za kompyuta. Jopo la wakaguzi 12 liliufanyia kazi kwa miaka minne, likasema lina uhakika wa asilimia 99. Asilimia 99! Hales hakuridhika. Aliongoza mradi wa kuuandika upya kwa lugha ambayo programu ya kompyuta ingeweza kuikagua hatua kwa hatua hadi kwenye kauli za msingi. Kazi hiyo ilikamilika Agosti 2014.

Programu za aina hiyo sasa ziko wazi kwa yeyote. Mojawapo ni Lean, iliyoanzishwa mwaka wa 2013 na Leonardo de Moura akiwa katika kampuni ya Microsoft. Hutumiwa na wanahisabati wakubwa, lakini Kevin Buzzard na Mohammad Pedramfar wa chuo cha Imperial, London, waliitungia mchezo wa nambari ambao kijana mwenye intaneti anaweza kuucheza bila malipo. Mchezaji anaanza na kauli za Peano, na kila anachothibitisha kinakuwa chombo cha hatua inayofuata. Programu haikasiriki wala haichoki. Ukiruka hatua, inakataa tu. Jambo moja la kuangalia ni kwamba mtu anaweza kubahatisha amri mpaka ikakubali bila yeye kuelewa lolote, na kwa ajili hiyo ni vyema kuandika hoja kwanza kwenye karatasi kwa maneno yako mwenyewe.

Miongoni mwa kauli za mwanzo za mchezo huo ni kwamba 0 + n ni n. Wengi hudhani tayari wamepewa. Hawajapewa. Walichopewa ni n + 0, na hakuna bado aliyeonyesha kuwa kugeuza mpangilio hakubadilishi jumla. Inabidi kuanzia mwanzo: 0 + 0 ni 0, kwa sheria ya kwanza. Kisha, tuseme tumefika nambari fulani n na tumeona kuwa 0 + n ni n. Je, inayofuata itakuwaje? Kwa sheria ya pili, 0 ukiiongeza inayofuata n unapata inayofuata 0 + n. Nayo 0 + n tumeona ni n. Basi jibu ni inayofuata n. Ukweli umesogea hatua moja mbele, na utasogea hivyo kutoka 0 hadi 1, kutoka 1 hadi 2, bila kikomo, kama foleni ya matofali yaliyosimamishwa wima ambapo kila linaloanguka linamwangusha jirani yake. Atakayeuliza kwa nini a + b ni sawa na b + a atatumia njia iyo hiyo, ila atahitaji kuipitia zaidi ya mara moja.